Ua Linalonuka la Baudouin

Majirani wa mtaa wa Nyakasanza wana pua ndefu, na asubuhi ile hawakukosea: kwa Falone kulinuka mzoga. Walitafuta panya chini ya kitanda, wakachakura jalala, wakatoka mikono mitupu. Falone aliwaacha wahangaike. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu mumewe Baudouin, mpasua mbao, apotee kambi yake na wenzake iliposhambuliwa msituni huko Mambasa. Tangu hapo moyo wake ulikufa ganzi. Hakulia hata siku moja.

Mama mkwe wake, Félicité, ndiye aliyeinua macho. Barazani kilining'inia kipande cha gogo chenye okidi ya msituni, aliyoileta Baudouin mara yake ya mwisho kuja nyumbani. Haikuwahi kuchanua. Leo ilikuwa na maua manne yenye rangi ya damu iliyoganda, kila moja na mdomo wa manyoya uliotikisika kwa upepo kidogo tu. Nzi walijaa. Mmoja alikuwa akitaga mayai, mjinga wa watu, akidhani amepata nyama.

"Ni maua tu, mama," Falone alisema. "Iko inadanganya nzi."

"Na weye, nani iko anakudanganya?"

Ugomvi wao ulikuwa wa siku nyingi. Maiti isipopatikana, ukoo wa Félicité huzika shina la mgomba, watu wakalia, matanga yakaisha. Mama wa watu alitaka mwanawe azikwe kabla yeye mwenyewe hajafa. Falone alikataa katakata, maana kuzika ni kukubali kwamba Baudouin harudi tena.

"Mugomba haina harufu ya mutu, mama. Nitaililia namna gani?" Falone alilitazama lile gogo. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe, kavu, ikisema: "Lakini hii inanuka kama mutu mwenye kufa. Tuzike hii."

Shemeji yake, Kamate, alichimba shimo nyuma ya nyumba. Falone akalilaza gogo humo juu ya kitenge, na nzi wakalifuata hadi chini. Félicité alipowaona nzi hao akaangua kilio, akaliita jina la mwanawe mpaka sauti ikamkauka.

Falone hakusikia uchungu wowote. Alipiga magoti tu, akawafukuza nzi kwa ncha ya kitenge, polepole. Kamate akainua jembe la kwanza la udongo.

"Ngoja, shemeji," Falone akasema. "Sijamufunika uso."

Kamate akashusha jembe, akangoja.