Chuma Kilichotiwa Mafuta

Mtu asiniulize habari za disketi. Kila ninayemsimulia mkasa huu hukunja uso na kusema, "Kwani hamkuweka nakala?" Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tuliweka. Mume wangu Wani alinakili kazi yake yote kwenye disketi, akazifungia katika droo ya ofisi ya mradi alikofanya kazi pale Arua. Mkubwa wake, Fabiano, akazitoa, akazifuta, akaweka humo barua zake za kuomba gari. Alipoulizwa alisema alidhani ni maneno ya kienyeji tu.

Ndiyo, yalikuwa maneno ya kienyeji. Wani alikuwa akiandika kamusi ya Kikakwa, lugha yetu. Alianza kuyakusanya Sudan, tulikokimbilia baada ya vita vya sabini na tisa, akiwauliza wazee kambini huku wenzake wakitafuta vibarua. Karatasi za kambini ziliishia matumboni mwa mchwa, wazee wenyewe wakazikwa huko huko, na kufikia mwaka wa tisini na sita kazi yote ilikuwa imebaki mahali pamoja, ndani ya kompyuta kuukuu ya ofisi. "Hii ikipotea," alikuwa akiniambia, "wale wazee nitawajibu nini?"

Kisha mradi ukafungwa. Parokia moja ya Kampala ilimwahidi Wani kompyuta mpya, lakini Fabiano hakutaka kungoja, alikwishapata wa kumuuzia ile ya zamani. Ikabidi Wani amwite Igga, fundi wa kompyuta mjini. Igga akafungua skrubu, akachomoa diski ya ndani, chuma kizito kinachoenea kiganjani.

"Kompyuta mupya ikifika, lete hii," alimwambia. "Nitafunga kando ya ile yake, tuhamishe kila kitu. Lakini isianguke, na maji isiingie. Maji ikiingia, basi."

Tuliizungushia taulo tukaipeleka nyumbani Koboko, mbali na mikono ya Fabiano. Wani akamkabidhi mama yake, Mama Margarita, aifungie sandukuni.

"Mama, maneno yote iko ndani ya hii chuma," alisema. "Ya wazee ya kambi, na ile ulinipa wewe. Maji isiguse."

"Sasa iko kwangu," akajibu Mama. "Enda tu."

Tulirudi Arua kuipokea kompyuta. Ilifika salama, katoni yake haina hata mkwaruzo, na siku hiyo hiyo tukasikia kwamba waasi wameingia Koboko na risasi zinalia. Barabara ikafungwa. Tuliketi na ile katoni nyumbani kwa shemeji yangu, mtaa wa Mvara, Wani akikataa chakula, na mimi nikawalaani waasi na wanajeshi bila kubagua.

Barabara ilipofunguliwa tulipanda lori la kwanza. Tulikuta mlango umevunjwa, kuku wameliwa, sanduku halipo. Wani akashika kichwa. Mama Margarita alikuwa ameketi kizingitini, mzima wa afya, akicheka.

"Sanduku wamechukua," alisema. "Chuma iko."

Akatupeleka kwenye banda la mbuzi, akafukua kona ile ile tunayoijua sote. Hapo ndipo alipozika cherehani yake mwaka wa sabini na tisa, kama watu wengi wa kwetu walivyozika vyombo vyao usiku wa kukimbia. Aliipaka mafuta ya simsim kila mahali, akaizungushia nailoni, akaenda uhamishoni. Aliporudi miaka saba baadaye aliifukua, akaifuta, ikashona. Gauni langu la harusi lilishonwa kwa cherehani hiyo. Kwa hiyo msije mkamcheka mbele yangu.

Alifungua nailoni taratibu. Chuma kilikuwa kinang'aa kwa mafuta.

"Mulisema maji isiguse," alieleza. "Basi nimepaka vizuri. Hapa kulikuwa na karatasi imefunika tundu. Nikatoa, nikatia mafuta ndani pole pole, mpaka ikashiba. Maji itapita wapi?"

Nilitaka kulia na kupiga kelele pamoja. Wani alikipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kama tunavyowapigia wakubwa. "Asante, Mama," alisema. "Umeokoa."

Kule Arua, Igga hakukemea. Alifuta, akakausha, akafunga diski kando ya ile mpya, akawasha jenereta. Ilikwaruza kidogo, ikanyamaza. Akajaribu tena na tena. Mwisho akazima jenereta, akasema mafuta yameiharibu ndani, pengine Ulaya wangeweza kuifungua, huku akijua kwamba sisi hata Kampala tulifika kwa kuomba lifti. Kompyuta mpya ilikuwa safi, ina nafasi ya kamusi hamsini, na haikuwa na neno hata moja.

Namchukia Fabiano mpaka leo. Mama Margarita siwezi kumchukia, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu hasira yangu yote inabaki kwangu. Wani alinikataza kumwambia Mama ukweli. Nikamsikia akiwasimulia majirani, siku baada ya siku, jinsi bibi mmoja alivyoficha maneno ya Wakakwa wote chini ya mbuzi, na askari wakapita juu yake.

Jioni moja Mama alikuwa akimenya karanga uani, wingu limefunga upande wa Kongo. Akainua kichwa akasikiliza.

"Wani," aliita, "ile neno ya sauti ya mvua, ikiwa bado mbali. Ile bibi yangu alikuwa anasema. Ni gani?"

Wani akanitazama mimi, kana kwamba mimi ningejua.

"Wewe mwenyewe ulinipa, Mama," akasema. "Hukumbuki?"

"Mimi nimesahau. Tangu nikupe wewe, sikushika tena. Si iko kwa chuma? Utanisomea."

"Kesho, Mama."

"Haraka hapana," alisema, akachukua karanga nyingine. "Si iko ndani."