Jina la Aliyekufa Kurasini

Jumanne kontena lilipoanguka Kurasini, Kokuberwa alikuwa ofisini Ubungo anakula mihogo ya kukaanga. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vipuri vya magari, na mlangoni kibao kimeandikwa Kitovu Onlaini, chaneli ya habari za mtandaoni. Mwenye ofisi aliitwa Godlisten, mtu wa miaka hamsini na kitu. Zamani alikuwa mwandishi wa gazeti, mpaka gazeti lilipopunguza watu, naye akatoka pale na daftari la namba za simu, basi.

Aliyepiga simu alikuwa karani wa wakala wa forodha, mmoja wa watu waliokuwa wakimpa Kokuberwa habari za bandarini.

"Sista, kuna kontena limechomoka kwenye kreni, limembana kibarua. Kafa palepale. Mfukoni kakutwa na kitambulisho cha getini. Kornelio Chilumba."

"Umemwona mwenyewe?"

"Sijamwona. Mlinzi ndiye kaniambia. Wanasema uso hautazamiki."

Kokuberwa aliliandika jina kwenye karatasi, akaenda nalo kwa Godlisten. "Braza, nipe saa moja. Niwapigie polisi, nitafute na ndugu zake."

Godlisten alimgeuzia simu yake amwonyeshe. "Wenzetu wawili wameshaweka ajali. Jina hawana, sie tunalo. Ukikaa saa moja, nao watakuwa nalo. Weka."

Akaweka. Dakika ishirini baadaye watu elfu arobaini walikuwa wameshaisoma.

Hakuweka kwa kutojua. Kokuberwa alikuwa amesomea kazi hiyo miaka mitatu India, katika mji wa Nagpur, kwa ufadhili alioupata baada ya baba yake, mwalimu mstaafu wa Kibamba, kujaza fomu mara nne. Alifika kule akiamini amekwenda nchi ya magazeti. Na kweli aliyakuta. Alfajiri watu walichuchumaa kando ya barabara wakiyapanga mafungu kwa mafungu, ya lugha asizoweza hata kuzisoma, na kila kibanda cha chai kilikuwa na gazeti lililokunjwa na kukunjuliwa hadi limelegea kama kitambaa.

Lakini mwaka wake wa pili chuo kilikivunja chumba cha kujifunzia kupanga kurasa, kikaweka taa na pazia la kijani la kurekodia video. Walimu wenyewe hawakusikilizana. Mmoja aliwaambia darasani kwamba gazeti lina miaka mingi mbele yake. Aliyefuata akawataka wafungue chaneli siku hiyohiyo. Jioni, kwenye bweni, televisheni ilionyesha nyuso nane ndani ya visanduku vinane, zote zinafoka kwa pamoja, na Kokuberwa aliwauliza wenzake nani anayemsikiliza mwenzake. Walicheka. Mmoja wao aliacha masomo akaanza kusimulia habari kwa simu yake, na kabla ya mahafali alikuwa na wafuasi wengi kuliko chuo kizima.

Mazoezi ya kazi Kokuberwa aliyafanya kwenye gazeti dogo la jioni, la Kiingereza, meza ya tanzia. Meza hiyo ilishikwa na mama mmoja mkali aliyeitwa Madam Sulabha. Kazi yake ilikuwa kupiga simu kwa ndugu wa kila marehemu na kuwasomea jina herufi kwa herufi. Siku moja Kokuberwa alikosea jina la mzee fulani fundi saa, likachapwa jina la mdogo wake aliye hai. Madam Sulabha alimshika mkono, wakapanda bajaji mpaka nyumbani kwa wafiwa, akamsukuma mbele aombe radhi mwenyewe, kwa Kihindi chake cha kuombea maji. Kokuberwa alilia njia nzima ya kurudi.

Mwezi uliofuata gazeti lilifuta meza ile. Madam Sulabha aliondoka na picha ya mumewe na glasi yake ya chai, na Kokuberwa akapewa simu na kuambiwa atengeneze video za dakika moja. Alizitengeneza vizuri. Ndizo zilizompa kazi Ubungo aliporudi.

Alhamisi asubuhi Godlisten aliingia ofisini akicheka na kushika kichwa.

"Mungu mkubwa. Yule Kornelio wako yupo hai."

Kokuberwa alimgeukia. "Yupo hai vipi?"

"Yupo hai, anakula ugali kwao Mtoni. Katokea Jumanne jioni wenzake wameshafunga turubai, wanamlilia. Nenda kabla wengine hawajafika. Mchukue yeye na mama yake. Kichwa cha habari ninacho tayari: Marehemu Aingia Msibani Kwake."

"Na tulivyokosea?"

"Tutasema humohumo, kwa utani. Watu wakifurahi hawakasiriki."

Alikwenda. Mtoni alikuta turubai limeshateremshwa, vijana wa jirani wanapanga viti vya plastiki kuvirudisha vilikokodishwa. Mama yake Kornelio, Bi Monica, alikuwa amekaa barazani na khanga kiunoni, macho yamemvimba lakini uso umechangamka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uone miujiza." Akaanza kueleza kabla hata kamera haijafungwa kwenye stendi yake: namna alivyoonyeshwa jina kwenye simu, alivyoanguka, mchungaji alivyofika, na mwisho namna mwanawe alivyosimama pale kwenye tundu la uzio akiuliza nani kafa. "Nilimshika masikio haya. Nikayavuta. Nikasema mzimu hauna masikio ya moto."

Majirani walicheka. Kokuberwa naye alitabasamu, maana asingeweza kufanya vingine. Kisha akamkalisha Kornelio mbele ya kamera. Alikuwa kijana wa miaka thelathini, mabega mapana, na tangu Kokuberwa aingie hakuwa amecheka hata mara moja.

"Jumanne ulikuwa wapi, kaka?"

"Kibamba. Kwa dada yangu. Nilikuwa namsaidia kuezeka. Simu iliisha chaji."

"Na kitambulisho chako kilifikaje Kurasini?"

"Kilipotea."

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Polisi nimeshawaambia."

Bi Monica aliingilia, bado ana furaha yake. "Wiki iliyopita wapi, Kornelio? Jumatatu si nimekuona nacho shingoni, unatoka kazini?"

Kornelio aliinamisha kichwa. Hapo ndipo Kokuberwa alipotambua kwamba tangu asubuhi, ofisini, barabarani, hapo barazani, kila mtu alikuwa ameshangilia, na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Naye pia hakuuliza.

"Kaka," alisema taratibu, "basi aliyekufa ni nani?"

Kicheko cha majirani kilikatika. Kokuberwa aliizima kamera, akakifunika kioo chake kwa kifuniko ili wote waone imezimwa, akamfungulia kijana ile maiki ndogo iliyobanwa kwenye ukosi.

"Twende nyuma ya nyumba. Mie na wewe tu."

Nyuma ya nyumba, kando ya karo la kufulia, Kornelio alichuchumaa kama mtu anayeumwa tumbo.

"Nilimwazima," alisema. "Pale getini anapita mwenye kitambulisho tu, na sie vibarua hatukupewa wote. Siku nisipokwenda mie, anakwenda yeye kwa jina langu. Tunafanyaga hivyo tangu mwaka juzi."

"Nani?"

"Mudathir. Mudathir Hamisi Nantanga. Rafiki yangu. Tumetoka naye Masasi."

"Ana familia?"

"Mke, Mauwa. Watoto wawili. Wanakaa Tandika." Alijifuta uso kwa kiganja. "Jumanne nilipofika hapa, nikasikia wanavyolia jina langu, nilijua palepale. Lakini mama alikuwa kanikumbatia, watu wanaimba, nikashindwa. Nikajisemea kesho. Jana askari akaja, nikaogopa. Nikisema nimempitisha mtu kwa jina langu, mie nimekwisha. Watasema nimemuua."

Kokuberwa alitaka kumkaripia. Maneno yalimfika mdomoni, yakamgeukia mwenyewe.

"Mie ndiye niliyeandika jina lako," alisema. "Sikumpigia mtu yeyote simu. Ningewatafuta ndugu zako kwanza, tungekufikia kwa dada yako Kibamba, na tangu Jumanne mchana watu wangeulizana yule ni nani."

Kornelio alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Simama," Kokuberwa akasema. "Tunakwenda Tandika."

Kabla hawajaondoka alimpigia Godlisten. Alimweleza yote. Godlisten akauliza kwa sauti ya chini, "Una video ya furaha lakini?"

"Ninayo. Sitaileta."

"Koku, wengine wataitoa."

"Waitoe."

Mauwa alikuwa mbele ya chumba chake anaanua nguo, mtoto mdogo mgongoni. Alipomwona Kornelio alipiga ukelele wa furaha, akaangusha shati la mtoto mchangani.

"Kornelio! Nasikia ulikufa, wewe! Alhamdulillahi! Karibuni, karibuni. Umemwona mwenzio? Mara ya mwisho alilala kazini siku mbili, safari hii naona anataka kuvunja rekodi. Simu yenyewe haipatikani."

Kokuberwa akasogea mbele. Alimwomba Mauwa akae, Mauwa akakataa, akataka kujua yeye ni nani. Akajitaja jina na kazi. Kisha akamwambia kwa maneno machache, bila kuzunguka, kwamba Jumanne ile mumewe aliingia kazini kwa kitambulisho cha Kornelio, na kwamba aliyekufa Kurasini ni yeye.

"Hapana," Mauwa alisema. "Mie nilikwenda."

"Ulikwenda wapi, dada yangu?"

"Getini. Jana mchana. Nilimwuliza mlinzi, aliyekufa ni nani. Akanionyesha simu, imeandikwa Kornelio Chilumba." Alikuwa anaongea haraka, kama anayemfafanulia mtu asiyeelewa. "Nikasema maskini Kornelio. Nikamshukuru Mungu, unasikia? Nikarudi nikawapikia wanangu samaki. Nikala na mie."

Alimtazama Kornelio, ambaye sasa alikuwa akilia wazi, na polepole akaanza kulifungua fundo la khanga aliyombebea mtoto, mpaka jirani alipokuja kumpokea mtoto.

"Nani aliandika?" aliuliza.

"Mimi," Kokuberwa akajibu.

Mauwa hakumpiga wala hakumtukana. Alipita katikati yao, akaingia ndani, na kilio chake kikasikika mpaka barabarani.

Mchana huo walikwenda polisi, kisha mochwari: Mauwa, shemeji yake Mwinjuma aliyeitwa kutoka kazini, Kornelio na Kokuberwa. Kornelio alieleza mbele ya afisa, neno kwa neno, naye akaambiwa asisafiri mpaka aitwe. Mochwari Mauwa hakuhitaji uso. Alimtambua mumewe kwa mguu wa kushoto, kidole kilichovunjika utotoni kikaunga vibaya. Aliushika mguu ule kwa mikono miwili. "Wa baridi," alisema. "Siku tatu, Mudathir. Siku tatu hujafunikwa." Mhudumu alifungua daftari, akalikata jina la Kornelio kwa mstari mmoja, akauliza la sahihi. Mauwa akalitamka; Mwinjuma akasimama juu ya bega la yule mhudumu mpaka alipomaliza kuliandika.

Ijumaa baada ya swala walimzika. Kokuberwa alibaki na wanawake nje, hakuna aliyemsemesha, na hakutarajia.

Jioni aliandika habari na kuipeleka kwa Godlisten. Ilieleza nani aliyekufa, nani aliyetangazwa, nani aliyetangaza bila kuuliza, na kwa nini vibarua walikuwa wakipokezana jina moja. Godlisten aliisoma akiwa amesimama. Chaneli nyingine zilikuwa zimeshatoa marehemu aliyefufuka, na idadi ya watazamaji wao ilikuwa haielezeki.

"Enzi za gazeti," alisema, "tulikuwaga na mtu wa kusahihisha kila jina. Tulimwita mnoko." Alivuta kiti, akakaa. "Iweke. Na chini uandike tulikosea. Weka jina langu, siyo lako."

"Weka yote mawili."

Waliosoma hawakufika elfu mbili. Baadhi waliandika chini yake kwamba ile ya kufufuka ilikuwa tamu zaidi. Godlisten alivumilia wiki tatu, kisha mambo yakarudi kuwa yaleyale, jina kwanza, simu baadaye. Kokuberwa akaaga, wakaachana kwa heshima. Alipata kazi ya kufundisha habari kwenye chuo kidogo njia ya Kibamba, wanafunzi kumi na tisa, kompyuta sita. Baba yake alimwuliza kama ndicho alichokwenda kukisomea India. Alimjibu kwamba hajui bado.

Kornelio alipoteza kazi yake bandarini lakini hakushtakiwa. Ndiye aliyempigia Kokuberwa kumwambia siku ya arobaini.

Alikwenda Tandika amejifunga khanga, akasita kwenye uwazi wa uzio. Wanawake walikuwa wanachambua mchele kwenye sinia. Mauwa aliinua macho, akamwangalia kwa muda.

"Mie sijakusamehe," alisema, bila kupandisha sauti.

"Najua, dada."

"Sijui kama nitakusamehe." Akavuta kigoda kwa mguu, akakisogeza karibu na sinia. "Ila Kornelio kaniambia ulikataa kuitoa ile video ya furaha yao. Kaa. Mchele wenyewe una mawe."

Kokuberwa alivua viatu, akakaa, akaanza kuchambua.