Mtaa Uliokuwa na Vikombe Vingi Kuliko Watu

Choo cha ploti ya Mama Mwongera kilijaa wakati wa mvua. Mtu wa afya alikuja kutoka mjini, akakitazama kwa mbali, akatoa leso, akarudi nyuma hadi nje ya lango, na huko nje ndiko alikosemea maneno yake.

"Mama, usichimbe kingine. Hapa kwako hakuna mahali pamebaki pa kuchimba. Mkiunganishwa na bomba la maji machafu, sawa. Msipounganishwa, mwaka ukiisha nitafunga vyumba vyote."

Mama Mwongera ni mjane. Vyumba vile ndivyo shamba lake, ndivyo ng'ombe wake, na akikasirika husema ndivyo mume wake. Sisi wapangaji tulishtuka pia. Mimi na Munyi tulikuwa tumeoana juzi tu, na chumba chetu kilikuwa karibu na mahali mume wangu anapopasua mbao. Lakini aliyekosa usingizi ni Mama Mwongera. Alizunguka ploti akigusa kuta kama mtu anayeaga.

Mtaa wetu uko chini ya Kaaga, hapa Meru, pale ardhi inapoanza kuteremka kwenda mtoni. Zamani palikuwa na kahawa na migomba. Watu waling'oa kahawa wakapanda vyumba, na vyumba vimeota vizuri kuliko kahawa. Bomba la maji machafu ndilo halikuota. Liliishia huko juu, kwa watu wengine.

Basi siku moja kampuni ya maji ikamtuma Injinia Njeru, mtu mrefu mwembamba wa kutoka Ishiara, mwenye gambuti za mpira zilizompwaya. Alikuja na Salesio, aliyebeba utepe wa kupimia. Tulikusanyika langoni kwa Mama Mwongera.

"Bomba tunalolaza si la leo tu," Injinia alisema. "Ni la miaka ishirini. Lazima nijue watu waliopo na watu watakaokuja. Bomba likiwa jembamba, litawarudishia vitu vyenu nyumbani. Likiwa pana kupita kiasi, maji yatatambaa polepole, na uchafu utalala njiani kama mlevi. Na hatuwezi kuanza mitaa yote pamoja. Tutaanza penye watu wengi."

Mama Mwongera hakusikia habari za mlevi. Alisikia tu "penye watu wengi".

"Sasa, mama, hapa kwako mko wangapi?"

"Tuko," Mama Mwongera alijibu.

"Wangapi?"

"Tuko tu. Mungu ametusaidia."

Injinia akamgeukia Mzee Mbaka, jirani wa upande wa kushoto. "Mzee, watoto wako?"

"Wako."

Kwetu watu hawahesabiwi. Ukihesabu watoto au mbuzi, unaita balaa, na balaa likija halikosei mlango. Injinia Njeru hakushangaa, kwa maana huko kwao Ishiara ni vilevile. Alituambia kwamba alipokuwa mdogo alihesabu mbuzi wa nyanya yake kwa sauti, akachapwa, na wiki hiyo hiyo beberu akatumbukia shimoni. Alisoma hadi chuo kikuu, lakini mpaka leo hajui kama ni yeye.

"Sitahesabu watu," alisema. "Nitahesabu vikombe. Kila mtu si ana kikombe chake cha chai?"

Tulikubali. Kikombe hakirogeki. Akasema atarudi keshokutwa.

Alipoondoka tu, Mama Mwongera akawaita wanawake jikoni kwake. Yeye ndiye mtunzaji wa vikombe vya kina mama wa kanisa, vile vya arusi na matanga, vya bati, vyenye ua jekundu ubavuni. Vilijaa sanduku zima.

"Kudanganya ni dhambi," alisema Makandi, jirani wa upande wa kulia, ambaye huongoza kwaya.

"Nani amesema tudanganye? Yeye anataka vikombe. Atapewa vikombe."

"Lakini ni vilevile, nyumba kwa nyumba!"

"Basi hata vikitembea, si bado ni vikombe? Makandi, wewe una mwili wa nguvu. Utabeba beseni."

Siku ya kuhesabu, kazi ilianza kwa Mama Mwongera. Injinia akaingia, akavikuta vikombe vyenye maua vimepangwa mezani, juu ya kabati, dirishani, hata kitandani. Akahesabu. Akataka kuondoka. Hapo ndipo mpango wetu ulipokuwa na nguvu, maana hakuna nyumba ya Meru mgeni atatoka bila chai. Huku akinywa, Makandi na mimi tulikuwa tukitumbukiza vikombe kwenye beseni na kuvipitisha chini ya ua wa miiba wa kayaba hadi nyumba ya pili.

Kwa Makandi, Injinia alitazama meza. "Mtaa huu mnapenda maua mekundu."

"Tunayapenda sana," alisema binti ya Makandi.

"Na mbona vikombe vina matope?"

"Ni… ndio tumevitoa kuosha."

Akapewa chai. Akainywa. Wakati huo Makandi mwenyewe alikuwa ameinama chini ya kayaba akielekea kwa Mzee Mbaka, na miiba ikamshika mgongoni, mbele asiende na nyuma asirudi. Nilimvuta miguu. Akapiga kelele, "Uwi, Yesu wangu!"

"Ni nini hiyo?" Injinia akauliza ndani.

"Ni mbuzi," bintiye alisema.

"Mbuzi anamwita Yesu?"

"Ni mbuzi wa mtu wa kwaya."

Salesio alikohoa kwa muda mrefu. Injinia alimaliza chai yake akitazama ukutani.

Na kila nyumba ikawa hivyo. Chai yenyewe si ile ya mjini ya kunusa. Ni ya maziwa mazito, kikombe kikijaa mpaka mdomo, na ukimaliza unaongezewa, kwa sababu mgeni aliyekunywa kimoja ni kama amekutukana. Alipofika nyumba za mwisho, Injinia Njeru alikuwa akitembea magoti yamegusana. Akaulizia choo. Cha kwa Mama Mwongera kilikuwa kimefungwa kwa waya, na cha Mzee Mbaka kilikuwa na mtu. Tukamwona akiteremka kwenye migomba mbio, gambuti zikipiga mlio, na Salesio nyuma yake akiunyoosha utepe huku na huku, eti wanapima migomba.

Alirudi uso wake umetulia. Akasema kwa sauti ya mtu aliyefunuliwa jambo:

"Salesio, watu wa hapa wanakunywa chai ya ajabu. Kinachoingia lazima kitoke. Hesabu yote izidishe mara tatu."

Mama Mwongera alinibana mkono kwa furaha mpaka ukauma.

Mkutano ulifanyika uwanjani mwa kanisa. Injinia alitandaza ramani kwenye meza, akaiwekea mawe pembeni isipeperuke. Alikuwa na macho mekundu ya kukesha akichora.

"Nimefanya kazi mjini na vijijini," alisema, "lakini sijaona watu wamejazana kama nyinyi. Hongereni."

Tulipiga makofi. Kisha akatuonyesha bomba. Lilikuwa pana kiasi kwamba ng'ombe angepita ndani bila kuinamisha pembe. Mtaro wake ungemeza njia yote, jiko la Mzee Mbaka, migomba ya Makandi, na upande wetu ungemeza vyumba vyote vya Mama Mwongera, kuanzia cha kwanza hadi chetu.

Mama Mwongera alisimama. "Vyumba vyangu vinakwenda wapi?"

"Vinapisha bomba, mama."

"Na bomba linakuja kubeba uchafu wa nani?"

"Wa vyumba vyako."

Injinia akaitazama ramani, akaigeuza juu chini, akairudisha.

"Punguza," alisema Mama Mwongera. "Sisi si wengi hivyo."

Hapo kila mtu akakumbuka kitu chake. Mzee Mbaka akainuka na fimbo yake. "Mimi ninaishi peke yangu."

Mkewe, Kathambi, alikuwa ameketi ubavuni mwake. "Na mimi ni nani?"

"Wewe ni mgeni."

"Mgeni? Miaka yote hii?"

"Umekaa sana, lakini ni mgeni."

"Sawa," alisema Kathambi, akifunga kanga vizuri. "Mgeni hapiki. Leo utanikaribisha."

Makandi alisema watoto wake wote wako shule za bweni. Watoto walikuwa juu ya mparachichi wa kanisa, wakampungia mkono. Munyi naye akasema sisi tunahamia kwao Githongo kesho asubuhi, na mimi nikatikisa kichwa kukubali, ingawa ndiyo mara ya kwanza kusikia. Kila aliyesimama alipunguza jamaa zake, mpaka mtaa ukabaki na Mzee Mbaka tu, naye akaanza kusema hata yeye huwa analala sana kwa ndugu yake.

Injinia akaanza kukunja ramani. "Kama hakuna watu, hakuna bomba. Nitalipeleka mtaa mwingine."

Bomba likija, vyumba vinakwenda. Bomba lisipokuja, vyumba vinafungwa. Mama Mwongera akafunga kitambaa chake upya, akaenda mpaka mbele.

"Injinia, vile vikombe ni vya kanisa. Ni vilevile ulivyoviona kila nyumba. Vilikuwa vinakutangulia. Mpango ni wangu, hawa usiwalaumu."

"Vyote?"

"Vyote."

Injinia Njeru alifikiri kidogo. "Na yule mbuzi?"

Watu wote wakamgeukia Makandi. Makandi akatazama mawingu.

"Sasa nifanye nini na nyinyi?" Injinia aliuliza, na sauti yake ilikuwa karibu kulia. "Watu hamhesabiki, na vikombe vyenu vina miguu."

"Hamia kwangu," alisema Mama Mwongera. "Kaa wiki moja, utuone na macho yako. Kuna chumba kimeachwa wazi. Mpangaji alihama kwa sababu ya jirani."

"Jirani ana kelele?"

"Hana kelele hata kidogo."

Injinia aliingia Jumapili jioni na godoro na ndoo. Jirani alikuwa ni choo kilichojaa. Tulimsikia akifungua dirisha, kisha tukamsikia akilifunga.

Asubuhi, kabla jua halijatoka, alifungua mlango akiwa na taulo begani, akakuta watu wamejipanga kutoka langoni mwetu hadi kwa Mzee Mbaka. Tangu chetu kifungwe, tulikuwa tukitumia cha mzee huyo: sisi wa ploti, watu wake mwenyewe na watu wa Makandi, ambao chao kilibomoka na mvua.

"Foleni hii ni ya nini?" Injinia aliuliza.

"Ni ya pale," Munyi alimwambia, akionyesha kwa kidevu.

"Na wa mwisho ni nani?"

"Ni wewe."

Jumatatu alisimama kwa heshima. Jumanne aliamka mapema zaidi, lakini watu walikuwa wameamka mapema kuliko yeye. Jumatano alianza kurukaruka kwa mguu mmoja. Mbele yake walikuwepo wale watoto wa bweni wote, wakisukumana. Alikuwepo Kathambi yule mgeni. Tulikuwepo sisi wa kuhamia Githongo. Foleni ile haikuwa na uongo. Hakuna mtu angesimama pale na baridi ile kuwasaidia majirani kuonekana wengi, na hakuna mwenye haja angejificha aonekane hayupo.

Anayekaa chooni zaidi asubuhi ni Makandi. Akiingia huimba wimbo mzima wa kanisa, na kiitikio kila mara.

"Mama!" Injinia akapiga kelele siku ya Alhamisi, ameshikilia ukuta. "Ruka ubeti wa tatu!"

"Wimbo haukatwi!" Makandi akajibu kutoka ndani.

Foleni nzima ikacheka, na kucheka katika hali ile ni hatari. Mzee Mbaka ilibidi aondoke.

Wiki ilipokwisha, Injinia Njeru alileta ramani mpya. Hakuwa amemhesabu mtu yeyote, alisema, ila kila aliyekuwa mbele yake alimwingia rohoni na hatatoka. Bomba sasa lilikuwa la kiasi, la kukumbatiwa na mtu mmoja. Lingepita ukingoni mwa njia, likichukua kipande cha ua wa kayaba tu, na hakuna aliyeulilia ule ua, hasa Makandi. Ndani ya ramani alikuwa ameongeza pia watu watakaokuja katika ile miaka ishirini. Mtu wa afya aliitazama, akakubali kungoja wachimbaji, akatoa ule waya mlangoni mwa choo cha Mama Mwongera, akauzungushia choo kizima kisianguke.

Usiku ule Mama Mwongera alilala. Tulimsikia akikoroma ukuta kwa ukuta.

Kulipokucha alikuwa nje na fundi, wakipigilia vigingi na kuvuta kamba kuzunguka ploti. Injinia, ambaye godoro lake lilikuwa halijaondoka, akatoka akipiga mswaki.

"Mama, hizo kamba ni za nini?"

"Ghorofa."

"Ghorofa ya nani?"

"Ya wale watu uliowaongeza. Si ulisema watakuja? Watalala wapi?"

"Polepole, mama! Ni watu wa miaka ishirini!"

"Sasa mgeni akija mapema nimwambie arudi?"

Injinia Njeru akageuka kutafuta wa kumsaidia. Upande wa kushoto, Mzee Mbaka alikuwa akiwaelekeza vijana wanaoshusha mawe kutoka kwa mkokoteni. Upande wa kulia, binti ya Makandi alikuwa akimshikia mama yake ncha ya kamba. Injinia akameza dawa ya meno yote, akaingia ndani kutafuta ramani na gambuti zake.