Bibi Harusi wa Chama cha Tatu

Bethwel Kimaiyo alipoingia kwa senge yake, yaani shangazi yake, Jumanne asubuhi, kilo mbili za sukari mkononi na tabasamu la kuomba usoni, Chepchirchir alijua tu: mtoto huyu anahama tena. Hakuna MCA, mwakilishi wa wadi, anayekuletea sukari Jumanne bure. Huu ulikuwa muhula wake wa pili katika wadi, na chama alichokuwa akikimendea sasa kilikuwa cha tatu.

"Senge," akaanza, akijivutia kigoda karibu na moto, "Jumamosi napokelewa pale kiwanja ya shule. Mwenyekiti wa chama wa kaunti anatoka Nakuru yeye mwenyewe. Wewe na akina mama ndio mtanileta na nyimbo."

"Na safari hii unahamia nini?"

"Daraja, Senge. Huko niliko hawanisikizi kabisa."

Chepchirchir akakoroga chai bila kumtazama. Mara ya kwanza alihama kwa sababu ya daraja. Mara ya pili, daraja. Mara zote mbili yeye ndiye aliyeongoza nyimbo hadi sauti ikamkauka, na kijito cha Chebirir bado kilipita pale pale, kikicheka na mawe yake. Kila Aprili mvua ikishika Kuresoi, maji yalifunika mawe ya kuvukia, kijana wa bodaboda anayebeba maziwa akageuza pikipiki, na maziwa yakachachia ng'ambo ya huku. Mwaka uliopita ndama walinyweshwa maziwa hayo hadi wakaharisha. Sasa chama cha ushirika kilikuwa kimetoa onyo: upande wa Chebirir ukikosa kuleta maziwa wiki mbili tena, utafutwa kwenye orodha. Tangu viazi vyake vipigwe na ugonjwa, maziwa ndiyo yaliyobaki. Na Machi ilikuwa inayoyoma.

Alikasirika, hilo tusifiche. Lakini alikuwa amemlea Bethwel tangu kaka yake alipofariki, na hasira yake kwa kijana huyo haikuwahi kupita kikombe kimoja cha chai.

"Tutakuja," akasema. "Ila tutakuleta vile sisi huleta watu kwetu."

Bethwel alikuwa na haraka. Hakuuliza ni vipi.

Jumamosi hema lilikuwa limesimama kiwanjani, spika zinanguruma, na Mwenyekiti Mbugua, mtu wa kitambi na sauti tamu, ameshika kofia mpya ya kumvisha mgeni. Waandishi wawili wa redio walikuwa wameketi mbele. Akina mama wakaja na Bethwel katikati yao, wakiimba, na walipofika langoni Chepchirchir akamrushia shuka kichwani na kumkalisha kwenye kigoda. Wimbo ukabadilika. Bethwel aliutambua mara moja: ulikuwa wimbo wa harusi.

Kwao bibi harusi akiletwa kwa mumewe haingii tu kama mtu anayeingia dukani. Husimama langoni. Hubembelezwa, hukataa. Sharti wakwe wamtajie ng'ombe, tena wamtaje kwa rangi yake mbele ya mashahidi, ndipo ainue mguu.

"Karibu, mheshimiwa, karibu nyumbani!" Mbugua akaita kwenye maiki. Hakuna aliyesogea. Akaita tena. Mwishowe Joyline, jirani ya Chepchirchir na mchuuzi wa chai pale Keringet, akamwendea akamweleza, huku akijizuia kucheka.

Mbugua akaangua kicheko cha afueni. "Kumbe ni hivyo tu! Mimi nataja sasa hivi. Daraja mtapata tukishinda!"

"Na huyo ng'ombe wa tukishinda," Chepchirchir akauliza kutoka langoni, bila maiki na bila kuihitaji, "ana rangi gani?"

Kiwanja kizima kikacheka. Mzee mmoja alicheka hadi akashikwa na kikohozi, ikabidi apigwe mgongoni. Mbugua naye alicheka, ila kwa mdomo tu.

"Mimi namjua rangi," Joyline akasema. "Ni wa kijivu. Ni zile kalvati ziko kwa yadi yako Keringet, mwenyekiti. Zimekaa hapo tangu Krismasi, nyasi zinaota ndani. Mimi hupitisha chai hapo kila siku."

Mbugua akajipangusa paji la uso. Kalvati hizo, mabomba makubwa ya zege ya kupitishia maji chini ya barabara, zilikuwa zake kweli; alikuwa mkandarasi kabla hajawa mwenyekiti. Aliwatazama waandishi, akatazama simu zilizoinuliwa juu kumrekodi, akamtazama bibi harusi wake ndani ya shuka. Akamwita dereva wake Zeddy, wakanong'onezana, na Zeddy akaondoka mbio.

Ikawa ni kungoja. Akina mama waliimba, wakapumzika, wakaimba tena. Chini ya shuka jua lilikuwa kali, na Bethwel alikuwa anatokwa jasho la mtu wa jela.

"Senge," akanong'ona. "Nikuambie ukweli? Si daraja. Huko niliko watu wanasema tutaanguka. Naogopa kushindwa. Nikishindwa, nitarudi kuwa nani?"

Chepchirchir akainama karibu na shuka. Aliwahi kumwona akilia hivi hivi alipoanguka mtihani wa darasa la nane, amejificha kwenye ghala la mahindi, na moyo ukamlainika vile vile. Alimwonea huruma, na alifurahi pia, kwa sababu mwishowe alikuwa amesikia neno la kweli kutoka kwa mheshimiwa.

"Ungeniambia hivyo Jumanne," akasema, akimrekebishia shuka mabegani, "bado ningekuja kuimba. Sasa kaa wima. Bibi harusi hajikunji."

Saa tisa lori lilisikika likipanda mlima. Halikugeukia kiwanjani. Lilishuka moja kwa moja hadi Chebirir, na watu wote wakalifuata mbio, watoto mbele, wazee nyuma, waandishi wakiburuta nyaya zao, hadi spika zikabaki zikihutubia viti. Bethwel aliondoa shuka, akavua koti, akaingia majini na vijana. Walizivingirisha kalvati nne, wakazipanga, wakajaza mawe na udongo wa murram huku mawingu yakijikusanya upande wa msitu wa Mau. Hata Mbugua alikunja suruali. Alipopitisha jiwe la tatu akasahau kutazama kama anapigwa picha.

Chepchirchir hakuondoka ukingoni hadi jiwe la mwisho likae. Kisha akavuka, polepole, akarudi, akavuka tena, akicheka peke yake kama msichana.

Bethwel akamjia, matope hadi kifuani. "Senge, sasa naweza kuingia?"

Kule juu hema lilikuwa limeshakunjwa kwa kuogopa mvua.

"Ingia popote, mwanangu," akasema. "Mimi hata sikuuliza kinaitwaje."

Bethwel akafungua mdomo amwambie jina la chama. Nyuma yake honi ikalia. Kijana wa bodaboda alikuwa amefika na mitungi ya maziwa ya jioni, anataka njia, na mheshimiwa akasogea kando akampisha.