Sauti za Gasorwe Ndani ya Kontena

Emiliana alirudi kutoka kanisani akakuta msiba, na msiba wenyewe ulikuwa umekalia kiti chake ukila karanga.

Jina la msiba huo ni Birindwa, kijana wa Kikongo kutoka Kivu ya Kusini, ambaye mama yake aliuza vitenge katika soko la Gitega, nchini Burundi. Yeye na Emiliana walitumia kompyuta moja, katika chumba cha kupanga mtaani Musinzira, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na yake.

"Dada, nimekusafishia mashini," alisema. "Ilikuwa inalia disk imejaa. Nimefuta kontena zote zenye zilikuwa zimesimama."

"Zote."

"Zote. Zilikuwa maiti tu."

Hapa yafaa tunyamaze kidogo kwa heshima ya marehemu. Kontena, kwa asiyelijua, ni sanduku lisiloonekana ndani ya kompyuta: unaitia programu humo pamoja na kila inachohitaji, kisha unaweza kuihamishia kompyuta yoyote ikafanya kazi vilevile. Likisimamishwa halijafa, limelala tu. Kontena la Emiliana lilikuwa limelala na sauti za akina mama wa ushirika wa wakulima wa Gasorwe, alizozirekodi ili mkulima asiyejua kusoma apige simu asikie aina za maharage na bei yake katika soko la Muyinga. Kesho yake ushirika mzima ungekutana kusikiliza na kuamua: waichukue kazi yake, au waendelee kuwaamini walanguzi.

"Umewafuta akina mama," alisema Emiliana, polepole, kama hakimu.

"Mi nimefuta mama gani? We mwenyewe ulisema kontena iko kitu ya kutupa. Ikiharibika unatengeneza ingine."

"Programu, Birindwa. Programu nitatengeneza nyingine. Sauti nitazitengeneza na nini, unga?"

"Sasa juu ya nini uliweka sauti ndani? Kitu ya maana inakaa inje, kwa disk, kontena inakuja kuchungulia tu. We ndiye ulinifundisha hivyo. Mi sikuuliza, pardon. Lakini kuweka, uliweka we."

Alikuwa na haki, na hakuna kinachomchemsha mtu damu kama mkosaji mwenye haki. Emiliana alichukua zile karanga, akazimwaga uani, na kuku wa mwenye nyumba wakafaidika na maombolezo.

Hasira yake ilikuwa na mizizi mirefu kuliko Birindwa. Emiliana alikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Nyumbani kwao Gasorwe, miaka mingi baada ya kurudi, baba yake Egidius alikuwa bado anatoa sufuria guniani asubuhi na kuirudisha guniani jioni. "Kilicho nje ya gunia," husema, "ni cha atakayekuja." Emiliana alimcheka mzee tangu utotoni, kisha akaja mjini akafanya yaleyale kwa umeme.

Kesho yake alisimama mbele ya ushirika akiwa amenuna. Mwenyekiti, mama Kasilda, naye mrejeaji kutoka Tanzania, alimsikiliza hadi mwisho.

"Zimefutika," alirudia Kasilda. "Nilisimama mbele ya simu yako nikitamka maharage kama mtoto wa chekechea. Mume wangu Bonifasi ananicheka mpaka leo. Zilikuwa wapi?"

"Ndani ya kontena tu, mama."

"Na nje hukuweka kwa nini?"

Angeweza kumtaja Birindwa. Alitamani sana kumtaja.

"Nilitaka tukikimbia, zisibaki."

Wengi pale walikuwa na gunia lao. Kasilda hakulainika hata kidogo, alisimama.

"Nani anakimbia? Mimi nimepanda kahawa hapa. Umeona wapi kahawa ikitiwa guniani na mizizi yake? Nani kakwambia tunakimbia, wewe binti? Washa hiyo mashine."

Emiliana, kwa hasira, aliunda kontena jipya na kulifungulia njia ya folda iliyo nje yake, kwenye disk, ili likifa sauti zibaki. Akabonyeza kitufe cha kurekodi. Kasilda hakungoja ishara.

"Wewe uliyekosa pa kuweka vitu, uliyelelewa guniani, sikiliza maana sirudii. Maharage ya njano." Akaendelea hivyo, aina kwa aina, kila moja na karipio lake.

"Mama, nikate yale ya mwanzo?"

"Ukiyakata, ondoka na kontena lako."

Hakuyakata. Alilifuta kontena mbele yao wote, akaliunda upya, akampa simu mama Klara, ambaye hakuwahi kusoma. Klara akapiga, akasikiliza, akaonekana kuumia.

"Ananigombeza," alisema. "Lakini bei nimeipata."

Ushirika ukapitisha. Na mpaka leo mkulima wa Gasorwe anayetaka kujua bei ya maharage hugombezwa kwanza kwa malezi yake, ndipo akaambiwa.