Mstari Nilioruka

Attracta Moran, anayetunza vitabu vya parokia yetu ya Gortbrack, huku Mayo, Ayalandi, alinipigia simu Jumanne moja nikiwa nakanda mkate, mikono yote unga.

"Sabina, nakuletea Mmarekani."

"Sikuagiza," nikamwambia.

"Huyu si kama wale watalii wa kofia za kijani. Huyu ana faili. Amekaa nami saa tatu, vumbi la vitabu limemwingia puani, anapiga chafya kama mbuzi, na bado ananiambia, 'Ukurasa mmoja tu mwingine, mama.' Anatafuta watu wa Lavelle."

"Nusu ya Gortbrack ni Lavelle. Nusu nyingine imeolewa nao."

"Ndiyo maana nakuletea wewe. Nilipotaja jina lako alisimama wima kama aliyechomwa sindano. Weka birika motoni."

Nikaliweka. Nikatia motoni na vipande viwili vya mboji kavu, ile tunayoichoma badala ya kuni, maana Wamarekani husikia baridi hata mwezi wa sita.

Alikuwa mtu wa miaka kama sitini, mrefu, mabega yameinama mbele kama ya marehemu baba yangu mdogo Austin, mpaka nikajizuia nisicheke. Alipangusa viatu mlangoni mara tatu. Jina lake Leo Corrigan, kwao Cleveland.

"Bi Sabina?"

"Ndiye mimi. Ingia, baba, mvua yetu haina adabu."

Aliketi mezani akafungua faili lake, akaanza kupanga karatasi moja moja kama mtu anayepanga karata. Attracta alikwisha kujimiminia chai mwenyewe. Huyo hangojei kukaribishwa, hasa penye siagi.

"Namtafuta bibi yangu, mama yake mama yangu," Leo akasema. "Winifred Lavelle. Tazama, Bi Sabina. Hiki ni cheti cha ubatizo, mwaka 1891. Hii ni sensa ya 1911: Winifred miaka ishirini, na mdogo wake, Sabina, miaka kumi na saba. Na hii ni orodha ya abiria ya mwaka uliofuata: Winifred Lavelle, anakwenda kwa shangazi yake Cleveland. Mpaka hapo sina shida. Shida ni kwamba leo nimeona kitabuni, Winifred Lavelle ameolewa katika kanisa hili hili mwaka 1914. Mwaka 1914 bibi yangu alikuwa Cleveland anafua mashuka ya matajiri!"

"Ni Winifred mwingine," Attracta akasema, mdomo umejaa. "Hapa majina yalikuwa yanagawanywa kama viazi. Kila nyumba ilipata yale yale."

"Ndivyo nilivyodhani. Lakini huyu mdogo, Sabina? Baada ya sensa hayupo. Hakuolewa, hakuzikwa, hakupanda meli. Kama ukungu umemchukua."

Niliimimina chai yake. Yule Winifred aliyeolewa mwaka 1914 alikuwa bibi yangu mimi, mzaa baba, na ndiye aliyenilea. Na mdogo wake nilijua alikokwenda.

Lakini kabla sijasema neno, Leo alitoa bahasha moja kuukuu, akaishika kwa vidole viwili kama yai.

"Bibi alifariki mwaka 1966. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Siku tatu za mwisho hospitalini hakusema kitu isipokuwa jina moja: Sabina. Sabina, Sabina. Mama yangu akawa anamshika mkono anamwambia, 'Mama, hakuna Sabina hapa.' Hatukujua ni nani. Tulifikiri labda rafiki wa kazini, labda mtakatifu wa kwenu. Kisha baada ya mazishi nikaona hii kwenye droo yake."

Ilikuwa barua. Mwandiko niliutambua kabla ya maneno. *Ndugu yangu mpenzi Winifred.* Na chini kabisa: *Mimi dada yako. Imeandikwa na mjukuu wake, Sabina, miaka kumi na miwili.*

"Ni wewe!" Leo akasema, na macho yake yakajaa maji. "Bi Attracta ameniambia wewe ndiye uliyekuwa unaandika barua za nyumba hii. Kumbe miaka yote alikuwa anamwita mtoto wa barua! Namwandikia mama yangu kitabu cha ukoo, ana miaka themanini na saba. Siku zote ananiuliza, 'Leo, huyo Sabina alikuwa nani?' Sasa nitamwambia."

"Ee Mungu," Attracta akasema, akatafuta kitambaa.

Wakanitazama wote wawili. Nami nikafanya nini? Nikainamisha kichwa kama mtu mwenye haya, nikasema, "Huenda."

"Na huyu dada aliyekuwa anakuandikisha barua, bibi yako, alikuwa dada yupi?"

"Walikuwa wengi nyumba ile," nikasema. "Kula mkate, kaka. Utapoa."

Neno kaka lilimfurahisha sana. Akala vipande vitatu. Akaniambia Alhamisi anaondoka, hivyo kesho atapita kuniaga.

Alipokwenda sikuosha hata vikombe.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Shangazi wa Cleveland alituma tiketi kwa jina la Winifred, mkubwa. Watu wakaja, wakala, wakacheza, wakamlilia kama tulivyokuwa tunawalilia wasafiri wa Amerika, yaani kama maiti, kwa sababu hawakurudi. Kulipopambazuka, Winifred akaushika mlango akasema haendi. Alikuwa na mtu wake, ndiye yule aliyemwoa baadaye. Tiketi haikuweza kupotea bure. Mdogo akavaa koti la mkubwa, akavaa na jina lake, akaondoka. Huko akaajiriwa kwa jina hilo, akaolewa kwa jina hilo. Aliogopa kusema, maana aliambiwa atarudishwa. Hapa kijijini kila mtu alijua na hakuna aliyesema, na wote waliojua wamekwisha kufa ila mimi.

Bibi yangu alinipa mimi jina la mdogo wake. Alikuwa ananiita hata pasipo haja. Niko hapa kando yake nachambua viazi, ataniita "Sabina!" kama niko ng'ambo ya mlima. Sauti yake ilikuwa na utamu katika kuniita, na mtoto gani hapendi kuitwa hivyo? Nilijiona malkia.

Bibi hakujua Kiingereza wala kusoma. Barua za Amerika zilikuja kila Krismasi, kwa Kiingereza, kwa kuwa wazee wetu waliopata shule walifundishwa kuandika Kiingereza tu, ile lugha yao ya nyumbani hawakuweza kuiandika. Mimi nilikuwa nimeacha shule nina miaka kumi, lakini kusoma nilijua. Basi barua ikija, majirani wanajaa jikoni, napandishwa kwenye kigoda karibu na taa, nasoma Kiingereza kwa macho na kutoa Kiayalandi kwa mdomo. Walikuwa wakiniamini kama padri.

Krismasi ya 1946 nilifika katikati ya barua nikakuta maneno haya. Nayajua kwa moyo: "Winnie, katika jibu lako niite Sabina, mara moja tu. Mume wangu amekufa bila kulijua jina langu, na watoto hawalijui. Nataka kuliona limeandikwa kutoka nyumbani."

Nilimtazama Bibi. Alikuwa ameinama mbele, mikono mapajani, anangoja. Na hapo, mtoto wa miaka kumi na miwili, nikaelewa kitu ambacho sikukitaka: ule utamu haukuwa wangu. Miaka yote alikuwa ananiita mimi huku anamwita mwingine.

Nikauruka mstari. Kutoka theluji ya Cleveland nikaingia moja kwa moja kwenye kifurushi cha nguo walichotutumia. Hakuna aliyejua.

"Ni hayo tu?" Bibi akauliza.

"Ni hayo tu."

"Hajasema kitu kingine?"

"Anasema kuna baridi."

Kesho yake akanitamkia jibu, nami nikaandika. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kuandika *Ndugu yangu Sabina* na Bibi asijue. Nikaandika Winifred, kwa herufi kubwa nzuri. Barua ya Cleveland nikaitia motoni, mwalimu wa kijiji, aliyejua Kiingereza, asije akaisoma.

Mwezi wa pili ikaja ile theluji kubwa ya 1947, na Bibi akafa ndani yake. Tulimpeleka makaburini kwa kigari cha kuburutwa. Mama akanituma niandike Cleveland. Ikarudi kadi ya Misa ya marehemu, haina hata neno moja la mkono. Kisha kimya. Bibi mdogo, yule wa Cleveland, alidhani ameomba na amenyimwa, na aliyemnyima amekwisha kufa.

Mtoto atasamehewa, wanasema. Lakini bibi mdogo aliishi miaka kumi na tisa tena, na anwani yake nilikuwa nayo kichwani kama sala. Nilipokuwa na miaka ishirini ningeandika. Nilipokuwa na thelathini nina watoto sita na ng'ombe wanne, ningeandika. Nilisema Krismasi hii. Kila mwaka nilisema Krismasi hii.

Na siku ile, mbele ya mjukuu wake, nilikubali kuwa mimi ndiye niliyeitwa.

Asubuhi Leo alikuja na keki ya dukani na uso wa furaha.

"Dada Sabina! Nimempigia simu mama jana. Alilia, akacheka, akaomba picha yako."

"Kaa chini, Leo."

"Nisimame hapa dirishani, mwanga ni—"

"Kaa, baba. Picha baadaye. Chukua kalamu yako, nina kitu cha faili."

Nikamweleza kwa mpangilio, kama nilivyowaeleza ninyi. Tiketi, mlango, koti. Mwanzoni alichangamka kama mtoto aliyeona samaki kwenye ndoano. Akaandika mbio mbio.

"Ndiyo! Ndoa ya 1914! Si Winifred mwingine, ndiye yeye! Na Sabina hakupotea, alipanda meli! Miaka kumi na moja natafuta, dada, na jibu lilikuwa nyumbani mwangu, lilikuwa linanipikia—" Akacheka. "Basi bibi yangu ndiye Sabina. Bibi yangu alikuwa anaitwa…"

Kalamu ikasimama.

Nilimwona akifika. Sikuwa na la kufanya ila kumtazama akifika.

"Hospitalini," akasema.

"Ndiyo."

"Hakuwa anaita mtu."

"Hapana, kaka."

"Alikuwa anatuambia jina lake."

"Ndiyo."

"Siku tatu," akasema. "Na sisi tunamjibu hayupo."

Kisha nikamweleza na mstari. Hilo lilikuwa gumu zaidi, na sikulipamba. Nilimwambia nilikuwa na wivu. Nilimwambia pia juu ya miaka kumi na tisa. Alisikiliza huku anaigeuza ile barua yangu mikononi, mbele na nyuma, kama vile kuna upande wa tatu.

"Angelipata hilo jina mara moja tu," akasema taratibu, "pengine angetuonyesha. Pengine angetuambia mwenyewe. Mama angejua."

"Pengine."

"Kwa nini umeniambia? Jana ulininyamazia vizuri tu."

"Kwa sababu jana nililichukua tena jina lake."

Hakunikasirikia. Ningependa angenikasirikia. Alikusanya karatasi zake, na safari hii hakuzipanga, alizishindilia tu.

Mlangoni akageuka. "Aliyekuwa anamwambia hakuna Sabina hapa ni mama yangu. Kwa upendo, unaelewa? Anampapasa nywele, anamwambia, 'Tulia, mama, hakuna Sabina hapa.' Jana usiku amelala na furaha. Ana miaka themanini na saba. Nimrudie nimwambie nini?"

Nimezaa, nimelea, nimezika mume na mtoto mmoja. Watu hunijia kwa ushauri, nami siku zote huwa nina neno la kuwapa, hata la kubahatisha.

"Sijui, Leo," nikasema.

Akatikisa kichwa, akaingia ndani ya gari, akaondoka polepole kwa ajili ya kondoo wa jirani yangu Cafferkey waliolala njiani.

Keki ilikaa mezani mpaka jioni alipokuja Attracta. Tangu hapo zimepita Krismasi mbili, na kutoka Cleveland sijapata kitu. Attracta ananiambia niandike mimi, niulize. Namwambia niulize nini? Kama mama yake Leo ameambiwa, nimemvunja. Kama hajaambiwa, basi bado anaamini mama yake alikufa akimwita mtoto wa Mayo aliyempenda, na kule kaburini limeandikwa Winifred, hakuna Sabina.