Malipo ya Miaka Kumi

Leonia Mahona alipoteza wateja sita kwa mwezi mmoja, na hakuna hata mmoja aliyegombana naye. Hawakupiga simu wala hawakuja kulalamika. Tovuti zao zilijifunga katikati ya Januari, na wenyewe wakakaa kimya kama watu waliosusa.

Ofisi yake ilikuwa Chemchem, mjini Tabora, chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Alikuwa akitengeneza tovuti za watu wa Tabora na kuzitunza mtandaoni. Alikodi nafasi kwenye seva za kampuni ya nje, akailipa kwa dola kila mwaka, kisha akawagawia wateja wake nafasi hiyo kwa shilingi. Mwenzake katika kazi alikuwa Fikiri, fundi wa programu, mtu wa maneno machache na mwenye subira zaidi kwa kompyuta kuliko kwa binadamu.

Zamani kila mteja alilipa anavyojua: huyu kwa simu, yule taslimu, mwingine kwa maneno matamu. Leonia alichoka kuwafukuzia watu. Mwaka ulipoanza, Fikiri akaweka mfumo mpya. Malipo ni mara moja kwa mwaka, kwa kadi ya benki tu, na mfumo unakata wenyewe siku ikifika. Mfumo ukikosa hela kwenye kadi, unatuma barua pepe tatu. Siku ya saba unafunga tovuti.

"Wenzetu dunia nzima wanafanya hivi," Fikiri alisema.

Mwishoni mwa Januari Leonia aliangalia orodha ya waliofungiwa, akaona aibu asiyoweza kuieleza. Akachukua daftari, akatoka kwenda kuwauliza mmoja mmoja.

Wa kwanza alikuwa Rashidi, mwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni. Alimkuta akihesabu mashuka yaliyotoka kufuliwa.

"Barua pepe zetu ulizipata, kaka Rashidi?"

"Barua pepe mimi nafungua mara moja kwa mwezi, tena nikikumbuka."

"Na kadi huna?"

"Ninayo." Aliweka shuka juu ya lingine, akalipapasa likalala sawa. "Lakini dada yangu, mimi nimepangisha vyumba miaka kumi na tatu. Sijawahi kuona mpangaji anampa mwenye nyumba pochi yake, amwambie, siku ya kodi ikifika jichotee mwenyewe. Nitumie meseji. Nibonyeze simu kwa mkono wangu, nione hela inatoka. Tena kila mwezi. Wageni wangu wanashuka na treni leo, wanalipa leo. Hela ya mwaka mzima mimi naitoa wapi kwa siku moja?"

Leonia aliandika. Alitegemea wote watasema hivyo hivyo, kidogo kidogo kwa simu, naye atarudi ofisini na jibu moja. Haikuwa hivyo. Mkuu wa chuo cha ushonaji hakutaka kusikia habari ya mwezi wala simu. Alitaka ankara ya karatasi yenye muhuri, maana bila karatasi mhasibu wake hatoi hata shilingi. Mwenye duka la vipuri alitaka kulipa kila miezi mitatu, akishauza mzigo na kuagiza mwingine. Mpaka Ijumaa daftari lilikuwa na majibu matano yasiyofanana.

Wa sita alikuwa mbali. Jumatatu Leonia alipanda basi la asubuhi kwenda Ulyankulu.

Veridiana Inamahoro alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji nyuki, mama wa makamo mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Walikaa katika ghala lililonukia nta, kati ya ndoo tupu.

"Kadi?" Veridiana alicheka. "Mama, akaunti yetu ina watia saini watatu. Mmoja anakaa hapa, mmoja kule barabara ya tisa, mmoja mgonjwa. Kadi ya watu watatu umeiona wapi?"

"Na mngelipa lini, kama ningeuliza mapema?"

"Juni, asali ikishauzwa. Hapo tunalipa mwaka mzima, wala hutatukumbusha. Januari hapa ni mbolea na ada za shule." Kisha akapunguza sauti. "Lakini asali si neno. Aliyeumia ni baba mkwe. Twende ukamsalimie."

Mzee Nsengiyumva alikuwa ameketi barazani mbele ya meza yenye madaftari ya shule, yamepangwa kwa namba. Ujana wake wote alikuwa karani wa chama cha wakulima wa tumbaku, na kalamu bado ilikaa kwenye mfuko wa shati lake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyefunga majina?"

Leonia hakuelewa. Akamtazama Veridiana, lakini mzee ndiye aliyeeleza, taratibu, kama anayesoma muhtasari wa kikao. Walipofika Ulyankulu mwaka sabini na mbili, wakikimbia mauaji Burundi, walifika wametawanyika, mke huku, ndugu kule. Aliandika jina la kila kaya, kilima, yaani kijiji, walikotoka, na baadaye alikokwenda kila mmoja: waliobaki wakawa Watanzania, waliohamia Urambo, waliorudi. Miaka miwili iliyopita mjukuu wake aliyapiga chapa yote, wakayaweka kwenye tovuti ya asali, ukurasa wa mwisho, kwa kuwa hiyo ndiyo tovuti pekee waliyokuwa nayo.

"Mwanamke mmoja wa Makamba, kule Burundi, alimpata shangazi yake humo. Walikuwa hawajaonana tangu utoto. Wiki mbili zilizopita amenipigia mtu wa Kigoma. Anasema, mzee, natafuta jina la mama yangu, naambiwa akaunti imesimamishwa." Alitamka maneno mawili ya mwisho kwa uangalifu. "Nikamuuliza, mama yako ana akaunti gani?"

 Miaka yote hiyo kikundi hiki kwa Leonia kilikuwa mstari mmoja kwenye orodha, picha ya mzinga na bei ya ndoo. Hakuwahi kuufungua ukurasa wa mwisho.

Alisogea uani kutafuta mtandao, akampigia Fikiri. "Fungua ya Ulyankulu. Sasa hivi. Watalipa Juni."

"Mfumo hauna Juni."

"Basi uweke."

Haikufika robo saa, majina yalirudi. Veridiana alishika simu, mzee akainama juu yake akayaangalia yanavyopanda, akitikisa kichwa kila alipofika kwa mtu aliyemfahamu. Kisha akaketi sawasawa.

"Hawa wa asali watalipa Juni. Mimi sitaki majina yakae mgongoni mwa asali. Yawe na tovuti yao, nami nilipe miaka kumi kwa mkupuo. Nina miaka sabini na tisa. Wanangu watachanga."

Leonia alipiga hesabu kichwani bila kutaka. Fedha ile ingelipa seva za mwaka huu zote, na salio. Angeweza kusema ndiyo, akaandika risiti, na mzee angeridhika.

"Babu, jina la tovuti naweza kulisajili miaka kumi," alisema hatimaye. "Hilo ni kweli. Lakini nafasi yenyewe mimi naikodi mwaka kwa mwaka. Bei ya huko nje sijui kesho itakuwaje. Nikikuuzia miaka kumi nitakuwa nakuuzia kitu ambacho sina. Miaka mitatu naweza kuisimamia."

"Na wewe ukifa?"

Veridiana alisema kitu kwa Kirundi, kama kumkanya. Mzee hakugeuka.

"Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza," Leonia alisema.

"Karani huulizwa kila mwaka. Ukiondoka, funguo za kabati hili zinabaki kwa nani? Niandikie hilo, kwa barua yenye saini. Nikiipata, nitalipa mitatu."

Njiani kurudi Leonia hakuandika kitu kwenye daftari. Alitazama misitu ya miombo iliyokolea kijani kwa mvua, akiwaza kwamba nywila za wateja wake arobaini zilikuwa kwenye kompyuta moja, na nyingine kichwani mwake tu.

Kesho yake alimwekea Fikiri daftari mezani. Fikiri alilisoma lote, akakuna kichwa. "Kila mmoja na siku yake, na njia yake?"

"Kila mmoja. Na hakuna kufunga tovuti ya mtu kabla ya kumpigia, akapokea."

Iliwachukua wiki tatu. Wateja watano walirudi. Mwenye vipuri alishahamia kwa mtu mwingine, akawaambia kwa heshima kwamba hana kinyongo. Rashidi alilipa mwezi wa kwanza siku ileile alipotumiwa meseji, kisha akapiga simu kuhakikisha imefika.

Barua ya Ulyankulu ndiyo iliyomchukua Leonia muda mrefu kuliko mfumo. Aliiandika mara nne. Mwishowe ikawa nusu ukurasa: jina la tovuti litasajiliwa kwa jina la mjukuu wa mzee, si la Leonia, nakala ya majina yote itahifadhiwa kwenye flashi katika ofisi ya parokia ya Ulyankulu, na yeye akiondoka kwa sababu yoyote, Fikiri anazo nywila na atatunza tovuti mpaka muda uliolipiwa uishe. Fikiri alitia saini chini yake, akauliza mara moja tu, "Unaumwa?"

"Siumwi. Nimeulizwa tu."

Barua ilikwenda na dereva wa basi. Alhamisi mzee Nsengiyumva alipiga simu mwenyewe. Hakuanza na malipo. Alisema saini ya Fikiri haisomeki, naye aandike jina lake kwa herufi kubwa pembeni, kisha barua irudishwe. Leonia alikubali. Ilirudi, ikaenda tena, na Jumatatu hela za miaka mitatu ziliingia kwenye simu kutoka kwa watu saba, mmoja mmoja, na katika kila meseji iliyoingia Leonia alisoma jina la mtumaji mpaka mwisho kabla ya kumwandikia risiti.